Kobe Aliyelala Chali

Kiko kilikuwa palepale kilipoachwa, juu ya kitambaa cha buluu, cha tatu kutoka dirishani. Hakikuibwa wala hakikuvunjwa. Lakini Mwenye Duka alipokiinua ili akifute vumbi, saa mbili asubuhi ya siku ya maonyesho, nusura kimponyoke. Jana jioni shingo ya kiko hicho ilikuwa tupu. Leo ilikuwa na alama iliyochomwa kwa moto, ndogo kama ukucha wa mtoto.

Hakuita polisi. Alivuka barabara na kugonga mlango wa Bibi Afande.

Bibi Afande alikuwa amestaafu upelelezi siku nyingi, ila mtaa ndio haukukubali astaafu. Kuku akipotea, huitwa yeye. Ndoa ikiingia mdudu, huitwa yeye. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi mlangoni, mjukuu kati ya magoti, sega mdomoni, akimsuka.

"Afande, kuna uhalifu dukani," Mwenye Duka alisema akihema.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kiko kimetiwa alama."

Bibi Afande alitoa sega mdomoni. "Na kabla ya hapo kilikuwa na nini?"

"Hakikuwa na kitu. Hilo ndilo tatizo."

"Basi ngoja nimalize mistari miwili. Mtoto hawezi kwenda shule kichwa nusu shamba, nusu msitu."

Duka lilikuwa la vitu vya kale: saa za ukutani zisizokubaliana, redio kubwa kama makabati, taa za mafuta, masanduku ya safari za watu waliokwisha kufika. Nyuma yake kulikuwa na karakana, na huko ndiko baba yake Mwenye Duka alikokaa maisha yake yote akichonga viko. Watu walimwita Mzee Kobe, kwa kuwa kiko ambacho fundi mwingine angekimaliza kwa wiki, yeye alikitafuna msimu mzima. Hakuudhika na jina hilo. Alijitengenezea chapa ya chuma yenye umbo la kobe, na kila kiko kilichotoka mikononi mwake kilikuwa na kobe shingoni, ana gamba, miguu minne na kichwa kilichochomoza kama anayechungulia mgeni.

Mzee Kobe alifariki mwaka uliopita. Katika droo ya chini kabisa ya karakana vilibaki viko saba vya zamani, vizuri ajabu, visivyo na alama yoyote. Ndivyo hivyo vilivyopangwa juu ya kitambaa cha buluu, na leo alasiri wageni wangekuja kuvitazama, na mtaalamu angetamka mbele yao ni nani alivichonga.

Mtaalamu huyo alikwisha kufika. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni kwa uzi, na kwa sababu hiyo watoto wa mtaa walikuwa wamempa jina tangu juzi: Darubini. Alisimama kando ya meza kama mtu aliyefika msibani akakosa pa kukaa.

Mtu wa tatu alikuwa nyuma, mlangoni mwa karakana. Alikuwa Fundi, kijana mwanafunzi wa mwisho wa Mzee Kobe, anayetengeneza vitu vya dukani. Alikuwa akifunga tupa na patasi zake kwenye kitambaa, moja moja, na kila moja aliifuta kwanza.

"Unahama?" Bibi Afande alimuuliza.

"Nimeambiwa nihame, Bibi."

Mwenye Duka aliangalia saa zake zote, akaepuka macho ya watu. "Ningefanyaje, Afande? Leo mbele ya wageni nilikuwa nimkabidhi benchi la baba. Jana ndiye aliyebaki kufunga. Kwenye karakana kuna moto, kuna vyuma. Mimi simwiti mwizi. Lakini nani mwingine?"

"Na benchi lisipokuwa lake?"

Darubini ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Si benchi hili tu. Sisi tunaopenda viko tunajuana. Mtu anayechoma alama ya marehemu kwenye kiko cha zamani ni kama anayetia saini ya marehemu. Ikijulikana ni yeye, hapati kazi kwa fundi yeyote. Na mimi siwezi kunyamaza nikiulizwa. Ningependa, lakini siwezi."

"Wageni wanakuja saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Basi, Fundi," Bibi Afande alisema, "usifunge fundo hilo sana."

Aliomba kiti, akavaa miwani, akakichukua kiko. Kilikuwa chepesi kuliko alivyotarajia, cha mzizi wa mti mgumu, rangi ya asali iliyokaa sana. Mtu hakuhitaji kujua chochote kuhusu viko ili akipende. Alipitisha kidole kwenye shingo. Pale alama ilipochomwa palikuwa laini. Alikinusa.

"Nani amekipaka nta?"

"Si mimi," Fundi alisema. Alisogea, akanusa naye. "Nta yetu hapa tunaichanganya na mafuta, inanuka. Hii ni ya nyuki tupu. Na, Bibi, hebu." Alikichukua, akajaribu kuusukuma mdomo wa kiko, ile sehemu nyeusi inayoshikwa kwa meno. "Jana mdomo huu ulikuwa unacheza. Nilimwambia bosi nitauweka sawa baada ya maonyesho."

"Kweli, aliniambia," Mwenye Duka alikubali.

"Sasa hauchezi?"

"Umekaa kama umezaliwa hapo."

Bibi Afande alikichukua tena kiko. Katika kazi yake alikuwa ameona milango iliyovunjwa, makabati yaliyotupwa, picha za watu zilizokanyagwa. Hakuwahi kuona mhalifu anayekarabati. "Aliyefanya hivi," alisema polepole, kama anajiambia mwenyewe, "alikipenda kitu hiki. Haya, nionyeshe hiyo alama, wewe mwenye kioo."

Darubini aliinama. "Ni kobe. Lakini si wa chapa. Chapa ya Mzee ile pale ukutani, imefungwa kwa waya na ina vumbi la mwaka mzima. Huyu amechorwa kwa mkono, kwa waya wa moto au kitu chembamba cha chuma. Ona, mstari wa gamba unaanza mzito upande mmoja, unafifia kadiri unavyokwenda upande wa pili. Mkono ulianzia hapa, chuma kikapoa njiani."

"Na hana kichwa," Fundi aliongeza.

"Samahani?"

"Kobe huyu hana kichwa. Na miguu ni mitatu. Mimi nimekaa na Mzee miaka, Bibi. Kama ningetaka kumwigiza, ningekosa kweli kichwa?"

"Labda ndivyo ungefanya ili tuseme hivyo," Mwenye Duka alisema, na papo hapo akaonekana kujuta. Ni mtu mwema. Hofu ya wageni ndiyo iliyokuwa ikimsemea.

Bibi Afande hakumkemea. Alimgeukia yeye. "Na wewe je? Ungefurahi hivi viko vikiwa vya baba yako, sivyo?"

"Mimi?"

"Una ufunguo. Jina la baba yako liko juu ya mlango."

Mwenye Duka alicheka kwa uchungu. "Afande, mimi hata msumari sijui kuupiga. Niliwahi kutundika picha, ukuta ukaniomba huruma. Halafu, baba mwenyewe hakutaka viko hivi vihusishwe naye. Nakumbuka nikiwa kijana, mteja alivipata kwenye droo akataka kimoja. Baba alikuwa na kiko chake mdomoni, kama kawaida, hakikutoka hata akiongea. Akavirudisha ndani, akasema, 'Acha, hivyo vichungu.' Kila mteja aliyevigusa, jibu lilikuwa hilohilo. Vichungu. Nikaelewa ni kazi yake iliyoharibika, moshi wake ni mchungu, anaona haya kuviuza."

"Ajabu," Darubini alisema.

"Ajabu gani?"

"Havijawahi kuvutwa. Hata kimoja. Ndani mwa bakuli mbao ni safi kama siku ilipochongwa." Alishika kiko cha kwanza, akakielekeza kwenye mwanga. "Na si vya baba yako, hilo nilikuwa nimeshalifikia jana usiku nikiwa hotelini. Samahani kukuambia hivi. Mzee Kobe alikuwa wa mkono wa kulia. Michirizo ya kisu chake ndani ya bakuli yote imelala upande mmoja. Hapa imelala upande wa pili. Aliyechonga viko hivi saba alikuwa mtu mmoja, hodari sana, na alikuwa wa shoto. Mimi nilikuwa niseme leo kwamba ni fundi wa mbali, asiyejulikana."

"Asiyejulikana," Bibi Afande alirudia. "Ulimwambia nani hivyo?"

"Hakuna. Lakini kadi ilikuwa mezani tangu jana mchana, ile ya kwanza niliyoiandika kabla sijawa na uhakika: 'Mtengenezaji hajulikani.'"

Bibi Afande aliinuka, akatazama kitasa cha mlango. Hakikuwa na mkwaruzo. "Ufunguo uko kwa nani?"

"Mimi, Fundi, na Shangazi," Mwenye Duka alisema. "Shangazi huja kumwagilia maua ya dirishani."

"Na wewe, Bwana Darubini, jana uliondoka hapa ukarudi. Nilikuona kutoka mlangoni kwangu."

Mtu yule mrefu aliona haya kama mtoto. "Nilisahau mwavuli. Fundi alikuwa bado yupo, akanifungulia. Tukakaa kidogo. Alinipa chai. Nilikuwa nimeloa."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Bibi Afande alimwangalia kijana huyo ambaye usiku wa kuamkia siku yake kubwa alikuwa amekaa akimkausha mgeni, akajisemea moyoni kwamba hata kama ushahidi wote ungemwangukia huyu, angeupekua tena kutoka mwanzo.

"Nakwenda kumwona Shangazi," alisema. "Niazimeni kiko hiki."

"Shangazi?" Mwenye Duka alishangaa. "Shangazi hajawahi kuvuta kiko maishani mwake."

"Ndiyo maana nakwenda. Aliyekuwa karibu na moshi bila kuuvuta huona zaidi."

*

Shangazi, dada wa pekee wa Mzee Kobe, aliishi mtaa wa pili, katika nyumba ya vyumba viwili vilivyojaa maua ya kufuma: maua ya sufu kwenye viti, juu ya meza, hata kwenye kibuyu cha maji. Alikuwa mzee kiasi kwamba Bibi Afande, mwenye wajukuu wanne, mbele yake alikuwa binti.

"Karibu, wewe mtoto. Umenenepa. Vizuri. Keti usinisimamie kama mti."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kula chungwa." Alichukua kisu kidogo kwa mkono wa kushoto, akazungusha chungwa kwa wa kulia, na ganda likashuka mzimamzima, jembamba, bila kukatika popote, likajikunja kwenye sahani. Alifanya hivyo bila kutazama. Alikuwa akitazama mfuko wa Bibi Afande.

"Nimepita dukani," Bibi Afande alisema. Kwa mazoea ya kazi hakueleza zaidi. Katika maisha yake alijifunza kwamba ukimwacha mtu mahali patupu kwenye mazungumzo, atapajaza mwenyewe.

"Aha. Enhe?"

"Kuna jambo limetokea kwenye vile viko."

"Limetokea." Shangazi alimpa pande la chungwa. Uso wake haukuonyesha kitu, ila nyayo zake zilikuwa zikipigapiga sakafu. "Wamefurahi?"

Bibi Afande alitafuna taratibu. Katika miaka yote hakuwahi kusikia mtu akiulizwa habari za uhalifu akajibu kwa swali hilo.

"Bado hawajaelewa," alisema.

"Hawajaelewa." Nyayo zilinyamaza. Shangazi alijitwalia ufumaji wake kwa ghafla, kama aliyeudhiwa na sufu. "Watu wana macho ya mapambo. Haya, unataka nini kwangu?"

"Nieleze tu juu ya kaka yako. Hilo jina la Kobe lilitoka wapi?"

"Kwa baba yetu. Kwetu kila mtu alikuwa na jina la utani, na yote alituchagulia yeye. Kaka, Kobe, maana hata kuzaliwa alichelewa. Mama alikuwa Kengele. Baba mwenyewe tulimwita Jogoo, mbali na masikio yake."

"Na wewe?"

"La kwangu waulize waliokufa. Ndio waliolijua."

"Ulikuwa ukikaa karakana?"

"Nilikuwa nikifagia," Shangazi alisema, na neno hilo alilitema kama mbegu ya chungwa.

Bibi Afande alitazama mikono yake. Sindano moja ya kufumia ilikuwa ya chuma, ya pili ya mbao. "Pacha wa hiyo ya chuma amekwenda wapi?"

"Amepinda. Vitu vinazeeka. Kula, mtoto, unaacha maji yanakauka."

Pembeni ya kikapu cha sufu kulikuwa na donge la nta, lile ambalo wanawake hupitishia uzi usikatike. Lilikuwa limekwanguliwa upande mmoja, jeupe, jipya. Bibi Afande alimaliza chungwa lake, akashukuru, akaondoka bila kuuliza zaidi. Mlangoni Shangazi alimwita.

"Wewe. Mgeni wao mwenye kioo, ni mtu mzuri?"

"Ni mtu mzuri."

"Basi mwambie asiwe na haraka."

*

Bibi Afande alikuwa na jina la mtu aliyefanya. Hakuwa na sababu, na bila sababu hakuna kesi. Kuna kelele tu. Kwa nini bibi kizee achore kobe wa kaka yake, tena asiye na kichwa?

Aliketi kwenye benchi la kituo cha basi, akatoa kiko mfukoni. Miwani yake ilikuwa na alama za maji ya chungwa. Ili apate mikono miwili ya kuifuta alikilaza kiko pajani, bakuli likitazama chini, kwa kuwa hivyo kilikaa imara bila kuviringika. Akafuta, akavaa miwani, akatazama chini.

Kobe alikuwa amelala chali.

Ila hakuwa kobe. Gamba lilikuwa limegeuka tumbo la mviringo, mstari wa chini umegeuka mdomo wa chombo, na miguu mitatu ilikuwa mistari ya mvuke inayopanda. Bibi Afande alikitazama mpaka basi likaja, likasimama, likamngoja, likaondoka. Halafu alisema kwa sauti, peke yake, kama mtu anayeonja neno: "Vichungu." Akaweka kidole chake katikati ya meno, akalisema tena. Akaondoa kidole, akasema neno jingine linalofanana nalo, na kicheko kikamtoka hadi machozi yakaichafua miwani upya.

*

Saa nane na nusu wote walikuwa dukani. Shangazi aliletwa akiwa amevaa nguo yake ya kutokea, akaketi kwenye kiti kikubwa kuliko vyote bila kuulizwa. Fundi alisimama karibu na mlango, kifurushi cha zana kikiwa chini ya kwapa.

"Nitasema kwa ufupi, wageni wasitukute tunanuna," Bibi Afande alianza. "Aliyechoma alama hii aliingia kwa ufunguo, jana jioni, Fundi alipokwisha kufunga. Alitumia sindano ya chuma ya kufumia, akaipasha moto ikapinda. Akapaka nta ya kushonea. Na kwa kuwa alikuta mdomo wa kiko unacheza, akaukaza, maana hakuweza kuuacha hivyo. Mhalifu wa kwanza niliyewahi kumpata anayeacha mahali pakiwa pazuri kuliko alivyopakuta."

Mwenye Duka alifungua mdomo. Alitazama kiti kikubwa. "Shangazi?"

"Usinikatize," Shangazi alisema. "Namsikiliza huyu mtoto. Anaeleza vizuri."

"Swali lilikuwa ni kwa nini," Bibi Afande aliendelea. "Bwana Darubini, geuza kiko. Bakuli litazame chini, kama fundi anavyokibana kwenye paja lake akichora. Unaona nini?"

Darubini alikigeuza. "Si kobe. Ni chungu. Chungu kinachochemka. Na mstari mzito sasa unaanzia kulia, kwenda kushoto. Huu ni mkono wa shoto." Aliinua uso. "Mkono uliochonga na mkono uliochora ni mmoja?"

"Sasa wewe, Mwenye Duka. Baba yako alisemaje juu ya viko hivi, kiko chake kikiwa katikati ya meno?"

"Vichungu."

"Bana kalamu hii kwa meno useme 'vya Chungu'."

Mwenye Duka alibana kalamu. "Vi chungu," alisema. Alirudia. Kisha akaitoa kalamu mdomoni, akaishika kama kitu kilichomng'ata. "Vya Chungu. Alikuwa ananiambia ni vya mtu. Miaka yote hiyo, baba alikuwa anawaambia wateja haviuzwi kwa sababu si vyake."

"Na Chungu ni nani?" Darubini aliuliza.

"Ni mimi," Shangazi alisema. "Baba alinipa jina hilo kwa sababu nakawia kuchemka, lakini nikichemka hakuna kifuniko. Nilivichonga nikiwa msichana, kaka akinipa mbao kwa siri. Baba alipoviona alivisifu sana, mpaka alipojua ni vya nani. Akasema hakuna mwanamume atakayetia mdomoni kitu kilichotoka kwa msichana. Akanipa ufagio. Nikamwambia kaka, weka hivyo vitu mbali na macho yangu, na ukitaja jina langu sikanyagi kwako tena. Nilikuwa na hasira ya ujana. Halafu ikawa ndoa, watoto, maisha. Hasira iliisha, lakini ahadi yake ilibaki; Chungu tu ndilo alilolisema, maana nje ya nyumba yetu hakuna aliyelijua. Kobe akishika kitu haachi."

"Angeweza kuvitia chapa yake," Darubini alisema. "Ni bora kuliko vyake."

"Angeweza. Angepata sifa na asingejua mtu." Sauti ya Shangazi ilipungua. "Mara moja nilikwenda nikafungua droo nione kama ameshaviandika. Vilikuwa vitupu. Alinitunzia nafasi yangu. Jana nikaja kumwagilia maua, nikaona kadi: 'hajulikani.' Nikasema, basi ajulikane."

"Ungetuambia tu, Shangazi," Mwenye Duka alisema.

"Ungeniambia nipumzike, ukanipa chai. Nakujua tangu unatambaa. Nilichora kitu ambacho kaka angekisoma bila kuulizwa. Nimekaa tangu asubuhi na nguo hii nangoja mje kunipongeza, badala yake analetwa polisi kula machungwa yangu."

"Hukujua waliyemshika," Bibi Afande alisema.

"Kwani wamemshika nani?"

Shangazi aliangalia uso mmoja hadi mwingine, mpaka macho yake yakafika mlangoni, kwenye kifurushi kilicho chini ya kwapa la Fundi. Ndipo chungu kilipochemka. Alisimama bila fimbo.

"Huyu? Huyu aliyemlisha kaka yangu kwa kijiko mwezi mzima? Na wewe ukamwambia afunge zana?"

"Nilikosea, Shangazi."

"Usiniombe mimi msamaha, mimi ndiye mhalifu. Mwombe yeye. Na mimi nitamwomba baada yako, maana kosa la kwanza ni langu. Toka mbele yangu nimwone."

Mwenye Duka alivuka chumba, akamshika Fundi mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno ambayo wengine walijifanya hawayasikii. Fundi alisema, "Yameisha, bosi," mara tatu. Shangazi naye akamkumbatia kiasi kwamba tupa moja ilichomoka kwenye kifurushi na kuanguka, na yeye ndiye aliyeinama kuiokota, akaitazama meno yake, akaguna.

"Imekuwa butu. Nani anakufundisha kuinoa?"

"Alikuwa Mzee."

"Kobe hakujua kunoa. Mimi ndiye nilikuwa namnolea."

Darubini alikuwa bado na kiko mkononi. Aliuliza kwa adabu, kama anayebisha hodi, kama angeweza kupata uthibitisho mdogo, maana leo angesema mbele za watu. Shangazi alimwambia akishike kwa mkono wa kushoto, aache kidole gumba kianguke kitakapo. Kikaanguka kwenye kibonyeo kidogo ubavuni mwa bakuli. Alijaribu cha pili, cha tatu, vyote saba. Kila kimoja kilimpokea kidole.

"Nilidhani ni mbao imechakaa," alisema akicheka. "Nimeandika hivyo mahali pawili. Vilichongwa vishikwe na mtu wa shoto."

"Nilichonga kwa mkono niliokuwa nao," Shangazi alisema.

Aliichukua kadi ya zamani, akaigeuza nyuma, akampa aandike. Darubini aliuliza aandike jina lipi, la ndoa au la utani. Shangazi alifikiri.

"Andika Chungu. Wale wengine wataniita shangazi hata nikichonga mlima."

Nje, wageni wa kwanza walikuwa wakikung'uta viatu mlangoni. Mwenye Duka alikimbilia kuwafungulia, akarudi, akakumbuka jambo, akasimama katikati ya duka akiwa amechanganyikiwa kwa furaha. Benchi, alisema. Alikuwa ameahidi kulikabidhi leo kwa Fundi, lakini sasa, kwa haki, yuko mwenye haki zaidi. Alimtazama Shangazi. Fundi alimtazama Shangazi. Bila kusita kijana akanyoosha kifurushi chake kuelekea kwake, kana kwamba anatoa funguo.

Shangazi alipita kati yao, akaingia karakana, akaketi kwenye kigoda cha kaka yake. Alipapasa ukingo wa benchi, akakunja mikono ya nguo yake ya kutokea.

"Benchi ni lako, mwanangu," alimwambia Fundi. "Kigoda ni changu. Lete hiyo tupa, na wageni waambieni wapite huku nyuma."